Mahali pa Kalonda Kwenye Kitambaa

Wajukuu zangu, na ninyi wengine ambao si wajukuu zangu lakini mnanisumbua vilevile, ombi lenu limenifikia. Mnataka nipige picha kitambaa cha ukoo, niitume kwenye grupu ya familia, halafu ninyi mlioko Kindu, Bukavu na Lubumbashi muingize majina kwenye simu, simu ichore yenyewe, kazi iishe. Picha nitatuma. Lakini kwanza mtanisikiliza, kwa sababu kitambaa hicho nusura kivunje ndoa ya Zawadi kabla haijafungwa, na sitaki ninyi na simu zenu mvunje za wengine.

Mimi ni mshonaji. Nimeshona katika soko la Kasongo tangu usichana wangu mpaka macho yalipokataa kuliona tundu la sindano, ndipo nikamwachia binti yangu Feza mashine. Mshonaji wa kwetu hushona nguo za harusi na nguo za kilio, na katika zote mbili kosa la kuogopa ni lilelile, kumvalisha mtu kikwembe cha upande usio wake. Jaribu kumpa shangazi wa bwana harusi kitambaa cha upande wa bibi harusi, halafu uone kama utalipwa au utapigwa. Kwa hiyo nilijizoeza kuuliza kabla ya kukata. Wewe ni wa nani? Mama yako alitoka wapi? Huyu unayemwita kaka mmezaliwa naye vipi? Watu walisema napenda umbeya. Napenda, sikatai, lakini umbeya wangu ulikuwa wa kazi.

Vipande vilivyobaki nilivitia kwenye gunia. Kiangazi kimoja, wateja wakiwa wachache, nilichukua shuka jeupe nikaanza kushona juu yake ukoo wa marehemu mume wangu, watoto wa Kabemba, watu wa mtoni kule Nyangwe. Mniulize kwa nini kitambaa na si karatasi. Karatasi hapa kwetu italiwa na mchwa, au italowa, au itawashiwa moto na mtu mwenye haraka ya kupika chai. Na mkikimbia, nani anakumbuka karatasi? Shuka unambebea mtoto mgongoni, na ukoo wote umekwenda nawe.

Kanuni zangu ni chache. Waliozaliwa na mama mmoja nawakata kutoka kikwembe kimoja. Mwanamke aliyeolewa anakuja na kipande cha kwao, simvui cha kwao nikamvika cha mume. Jina nalidarizi kwa uzi. Aliyefariki nampitishia uzi mweusi pembeni. Basi. Mtoto asiyejua kusoma anaweza kusimama mbele ya kitambaa akakuambia nani na nani walinyonya ziwa moja.

Msidhani nilipata hayo siku moja. Mara ya kwanza nilimweka Kabemba chini kabisa, kama shina, na watoto wakapanda juu yake, kwa sababu nilikuwa nimeona mchoro wa namna hiyo kwa masista. Nikamwita Papa Lukali, mdogo wa mume wangu, aje aone. Akatazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza babu yao amekosa nini hata abebeshwe watu wote hawa kichwani. Nikafumua. Nikamweka juu. Akaja tena, akasema sasa mzee anaonekana kama anataka kuwaangukia. Nikafumua tena, huku nikisema maneno ambayo sitayarudia. Mwishowe nikamweka katikati na watoto wakamzunguka, kama watu walioketi kuota moto. Papa Lukali akanyamaza, na Papa Lukali akinyamaza ujue ameridhika.

Kuuliza kuna ufundi wake. Miaka mingi kitambaa changu kilikuwa na matundu, mahali pa wanawake wasio na jina. Nilikuwa nikimwuliza mwanamume, mama wa mke wako aliitwa nani, naye anaanza kutazama paa, anakohoa, anakumbuka kuna mbuzi amesahau kumfunga. Nikadhani wanaume wa ukoo huu hawana kumbukumbu. Kumbe ni adabu. Jina la mama mkwe halitoki kinywani mwa mkwe, hata mama mkwe mwenyewe awe kaburini. Tangu siku hiyo, jina la mama mkwe namwuliza mjukuu, maana mjukuu ana ruhusa ya kumtania bibi yake, kumwita mke wake na kumwibia karanga. Kila mtu ana majina yaliyofungwa kwake na majina yaliyo wazi. Mkimwuliza asiye na ruhusa mtaandika "hajulikani", na mtakuwa mmemzika mtu mara ya pili.

Halafu hizo simu. Mzee ukimwekea simu mbele ya uso aongee, anaongea kama yuko mbele ya hakimu. Anajitaja jina, anamshukuru Mungu, anamaliza. Mpe kazi mikononi, amenye mihogo, achambue mchele, na simu uiache mfukoni. Ataanza mwenyewe. Sisemi simu ni mbaya. Dada wa mume wangu aliye Lubumbashi alinitumia kwa sauti majina ya watu ambao sisi huku tulishawasahau, na nilimsikiliza nikilia, maana alikuwa anawataja na vyakula walivyopenda.

Swali moja ninalolipenda kuliko yote ni hili: kitovu chake kilizikwa wapi? Mtu anaweza kusema mimi ni wa Kasongo kwa sababu amejenga Kasongo. Kitovu hakijengi. Kitovu kilipozikwa ndipo mama alipokuwa siku ile, na mama ndiye anayekuonyesha njia. Swali hili ndilo lililonipeleka mpaka kijiji cha Wamaza, na sasa nimefika kwenye habari ya Zawadi.

Zawadi ni binti wa mwanangu wa kiume. Alisoma ualimu hapa Kasongo, na huko akakutana na Ramazani, kijana wa upande wa Kabambare, mrefu, mpole, mwenye kucheka polepole. Sisi ni Wakristo, wao ni Waislamu. Hilo tulilizungumza, likaumiza vichwa kidogo, likapita, maana hapa Kasongo ni nani asiye na shangazi anayefunga Ramadhani? Ramazani alikuwa amelelewa na mjomba wake Kabambare, na mjomba huyo ndiye aliyemleta na watu wake kuja kujitambulisha.

Nilikuwa nimefua kitambaa changu, nikakitundika ukutani sebuleni ili wageni waone wamefika kwa watu wanaojijua. Nilijivuna, ndiyo. Kuku wawili walikuwa motoni, majani ya sombe yamepikwa kwa mafuta ya mawese mapya. Kwa desturi yetu, kabla ya kula kila upande hutaja watu wake mpaka pale kumbukumbu inapokomea. Mjomba wa kijana akataja upande wa mama, kisha akapita upande wa baba. Akasema baba wa Ramazani amezaliwa na Mama Zaina wa Wamaza, Mama Zaina amezaliwa na mtoto wa Kalonda.

Papa Lukali aliposikia Kalonda akainuka. Yeye sasa ndiye mkubwa wa ukoo, mume wangu ametangulia. Hakupandisha sauti.

"Huyu Kalonda ni ndugu ya tate yetu, babu yetu Kabemba," akasema. "Hawa watoto wako ndugu. Hii ndoa haiwezekani. Mutu asinijibu mimi, aangalie kwa ukuta."

Wote wakageuka. Pale katikati, karibu na Kabemba, alikuwepo Kalonda, amekatwa kutoka kikwembe kilekile chenye maua ya njano. Nilimshona hapo mwenyewe miaka iliyopita, kwa neno la Papa Lukali. Alikuwa amenieleza kwamba Kalonda alipokufa Kabemba alinyoa kichwa, akalala kwenye mkeka wa wafiwa, na nyama ya kilio ilipogawanywa akapewa fungu la kaka. Kwa mshonaji wa nguo za kilio hizo ni dalili zote anazotaka. Sikuwa na sababu ya kuuliza zaidi.

Wageni walikula kidogo wakaondoka kwa heshima. Zawadi hakulia mbele yao. Alingoja nimalize kuosha sahani, akaja akasimama karibu nami.

"Tate," akaniambia, ndivyo wajukuu wetu wanavyotuita, "ni kitambaa yako inanikatalia."

Niliumia. Nilikuwa nimeshona miaka yote hiyo ili watoto wapate watu, na sasa mtoto wangu amempoteza mtu wake kwa mkono wangu. Nilikitoa kitambaa ukutani, nikakitandaza mezani, nikamkagua Kalonda kama ninavyokagua mshono wa mwanafunzi. Ndipo nikaona. Pembeni mwa kila mtu nimedarizi kwa herufi ndogo mahali pa kitovu chake. Kwa Kabemba nimeandika mtoni. Kwa Kalonda hakuna kitu.

Asubuhi nikaenda kwa Papa Lukali kumwuliza, kitovu cha Kalonda kilizikwa wapi? Akasema Wamaza. Alijibu upesi, halafu akaonekana kama anajuta. Sasa mimi nimezaa, najua mwanamke mwenye mimba anaweza kutembea mpaka wapi. Kutoka mtoni mpaka Wamaza, kwa miguu, enzi zile? Mama gani huyo azae mtoto mmoja kwenye maji na mwingine kule, na kila safari arudi? Inawezekana, nikajiambia, wanawake wa zamani walikuwa na miguu. Lakini nilitaka nimsikie mtu akilitaja jina la mama huyo.

Watoto wangu walinikataza nisiende. Njia mbaya, mvua, umri. Feza alificha viatu vyangu vya mpira. Nikavaa vya marehemu baba yake, nikapanda pikipiki ya kijana mmoja anayebeba bidhaa, nikajifunga naye kwa kikwembe ili nikisinzia nisianguke. Matope yalitushusha mara nyingi kuliko yalivyotubeba. Lusangi mvua ikatukamata, tukalala kwa rafiki zake wachimbaji, ambao waliponiuliza naenda kutafuta nini nikawajibu mama wa mtu aliyekufa zamani. Wakanipisha kwenye kitanda kizuri, nadhani kwa huruma.

Mama Zaina nilimkuta anapepeta mchele. Ni mama mwembamba, kilemba cheupe, macho makali kuliko yangu. Nilipojitambulisha kuwa natoka kwa watu wa Kabemba akaweka ungo chini, akanishika mikono yote miwili, akawaita watoto wa parseli nzima, nyumba zote za ua ule, waje wanione. Mjomba wa kijana alikuwa amekwisha kumpelekea habari ya ndoa iliyokataliwa, na ilikuwa imemkosesha raha. Sikumwuliza kitu siku hiyo. Nilichukua ungo wa pili, nikapepeta naye.

Kesho yake nikamwuliza habari za mama wa Kalonda. Akamtaja bila kufikiri, jina lake, kijiji chake huko Lusangi, hata wimbo aliokuwa akiwaimbia wajukuu. Nikamwuliza na za mama wa Kabemba. Akacheka. Atamjuaje yeye mama wa mtu wa mtoni?

Basi akanieleza. Kabemba alikuwa akibeba samaki wa kukausha kutoka Lualaba mpaka Wamaza, na kurudi na karanga. Zamani zile mtu asiye na ndugu katika nchi ya watu halali usingizi. Akakutana na Kalonda, wakapendana, wakachanjana. Walikata kidogo kifuani, kila mmoja akala ini la mbuzi lililopakwa damu ya mwenzake, wakasema maneno mbele ya watu. Nyumba yako ikiungua, nitakuja. Mtoto wako akilala njaa, chungu changu ni chako. Nikikudanganya, damu hii inifuate. Tangu hapo mmoja akifiwa mwingine ananyoa, na watoto wao hawaoani, kwa sababu anayeoa mtoto wa mchanjani wake ni kama ameoa dada yake.

Nilirudi Kasongo na furaha isiyo na adabu. Sikuingia hata kwangu, nilishuka na matope yangu mbele ya Papa Lukali, nikamtajia mama wa Kalonda na kijiji chake, nikamwambia hakuna tone la damu kati ya watoto hawa, mambo ya kuchanjana yamepitwa, wachumba waoane. Nilidhani nimeleta ushindi. Akaniletea kiti, akaniletea maji, akakaa.

"Shemeki, unazani nilikuwa sijui?" akasema. "Kalonda hakuzaliwa kwetu. Walichanjana, nilijua toka mutoto. Lakini mukwe anaachwa. Watoto wakigombana kila mutu anabeba vyombo yake, bukwe inakwisha. Ndugu wa kuchanjana haachwi. Wakati ya vita ninyi mulikimbilia upande mwingine. Mimi na watoto, nani alitupokea? Ni Zaina. Alitupa nyumba, alitupa shamba, hata siku moja hakutuuliza tutaondoka lini. Sasa niende nimwambie wewe si ndugu yangu tena, juu ya harusi?"

Nikayanywa maji yake. Kwenye kazi hii nilikuwa nimejifunza kuuliza nani, na wapi, na mama yupi. Sikuwa nimejifunza kuuliza mtu atapoteza nini nikisogeza kipande. Kwangu Kalonda alikuwa kipande kilichokaa mahali si pake. Kwa Papa Lukali alikuwa mlango uliofunguliwa siku ambayo milango mingine yote imefungwa. Andikeni hilo mbele ya majina yote kwenye simu zenu.

Lakini sikukubali. Nilimheshimu, nikamwonea huruma, na sikukubali, kwa sababu Zawadi alikuwa ameacha kula na Ramazani alikuwa anakuja kila Jumapili kukaa nje ya uzio bila kuingia. Nikaongea na padri, akaniambia kwa kanisa hakuna kizuizi. Papa Lukali akasema padri hakuwepo wakati wa vita. Nikamleta mwalimu wa msikiti, mtu mwenye busara, naye akasema vilevile. Papa Lukali akampa chai.

Aliyeufungua moyo wake ni Zawadi mwenyewe. Nimewaambia mjukuu ana ruhusa. Tangu alipokuwa mdogo Papa Lukali alimwita mke wangu mdogo, na yeye alimwita mzee wangu asiye na meno. Siku hiyo alikwenda na ndizi, akaketi mkekani karibu na miguu yake, akamtania kwanza kama kawaida. Mimi nilikuwa ndani na mke wa Papa Lukali, nikasikia yote.

"Tate," akamwambia, "siku mulifika kwa Mama Zaina, alifungua mulango juu ya damu ya wazee, ao alifungua juu ya kuona watoto wako wamelowana?"

Papa Lukali alizivuta ndizi karibu. Alikula ndizi moja, akaitazama ya pili, akaiacha. Kesho yake alituma mtu kuniambia nitafute pikipiki mbili za kwenda Wamaza, kwa sababu yeye hafungwi mgongoni mwa mtu na kikwembe kama mzigo wa samaki.

Wamaza Mama Zaina, aliyekwisha kupelekewa ombi letu, alikuwa anatungoja. Baba yake alimwachia maelezo ya namna kuchanjana kunavyofunguliwa. Hakuna dawa wala kisu. Kilichofungwa kwa maneno mbele ya watu kinafunguliwa kwa maneno yaleyale yakiwa yamegeuzwa, mbele ya watu, na wakubwa wa pande zote mbili ndio wanaosema. Wakishasema, wamekuwa wageni, na wageni wanaweza kuombana mchumba. Watu wa parseli walijaa. Katekista wa kijiji alikuwepo mpaka jambo lilipotaka kuanza, ndipo akakumbuka ana mgonjwa wa kumtembelea, akaenda kusimama nyuma ya jiko ambako alisikia vizuri kabisa.

Wakakaa mkeka mmoja, wakanawa mikono katika beseni moja. Ilikuwa zamu ya Papa Lukali kuanza, kwa sababu sisi ndio tulioomba. Akafungua mdomo. Akakohoa. Akaomba maji. Akafungua tena, akawa anatazama nyumba ile aliyopewa wakati wa vita, ambayo bado ipo, sasa wanaweka kuni. Nilikuwa nimesimama karibu na Zawadi, na kwa mara ya kwanza nilijiuliza kama nina haki ya kumfanyia mzee huyu jambo hili.

Mama Zaina ndiye aliyeanza badala yake. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza chumvi, lakini machozi yalikuwa yanatiririka na hakuyafuta.

"Lukali, mujukuu wa Kabemba. Kama nyumba yako inaungua, mimi sitakuja. Kama mutoto yako analala njaa, chungu yangu si yako. Damu ya wazee irudi kwao."

Papa Lukali akasema yake. Tulimsikia sisi wa karibu tu, lakini mashahidi walisema imetosha. Wakainuka kwenye mkeka, kila mmoja kwa upande wake, na muda kidogo hakuna aliyejua afanye nini na mikono yake. Kisha mjomba wa Ramazani akasafisha koo, akasema yeye ni mgeni mahali hapa, amesikia kwamba wageni wenzake kutoka Kasongo wana binti. Watu wakacheka, nadhani kwa kuchoka, na mbuzi akachinjwa.

Nilipofika nyumbani nilichukua wembe, nikafumua kipande cha Kalonda. Nimemshona upya upande wa wakwe, Feza akinitungia uzi, kwa kitenge cha buluu alichonipa Mama Zaina kutoka sanduku lake, pamoja na mama yake wa Lusangi na kitovu chake Wamaza. Pale alipotoka nimedarizi jina lake kwa uzi wa njano, na neno moja, kuchanjana, ili atakayekuja ajue kwamba mtu aliwahi kukaa hapo na kwa nini. Mkiona maandishi hayo kwenye picha msiyaache mkisema ni kosa la bibi kizee. Simu yenu haina mahali pa kuliandika neno hilo, nimeuliza. Litafutieni.

Harusi ilifanyika. Nguo za pande zote mbili nilizikata mwenyewe, Feza akizishona, na hakuna shangazi aliyekosewa. Ramazani alipata kazi ya kufundisha Wamaza, wakahamia huko, wakapewa ile nyumba ya Mama Zaina iliyowekwa kuni, waikarabati.

Mwanzo wa mvua zilizofuata Zawadi alinipigia simu asubuhi. Upepo wa jana jioni umebeba mabati ya Mama Zaina, yote, na mengine yameonekana kwenye mihogo ya jirani. Hakuna aliyeumia. Nilikwenda kumwambia Papa Lukali, nikijua ataumia, na kwamba baada ya maneno yale mbele ya watu hana la kufanya ila kutuma pole kama mkwe yeyote. Nikamkuta mkewe peke yake. Akaniambia mzee alishapata habari kutoka kwa wachuuzi wa mchele, amechukua nyundo na kamba, ameondoka kabla ya chai.

Yaliyobaki nimeyapata kwa Zawadi, aliyekuwepo. Mama Zaina alikuwa ameketi kwenye kiti katikati ya parseli, vyombo vyake vimeanikwa kila mahali. Akamtazama Papa Lukali anavyoshuka kwenye pikipiki kwa shida, amejaa tope mpaka masikioni, amefungwa kikwembe na dereva. Akamwuliza kama amesahau walichosema mbele ya watu.

"Sikusahau," akajibu. "Nilisema kama nyumba inaungua. Hii ni upepo."

Mama Zaina akamwonyesha ngazi ilipo.